Mali ya Kikundi Hula Kila Siku: Somo Kutoka Mbio za Farasi za Ngong

Minada ya korosho inapofika ukingoni na malipo kuingia katika akaunti za wakulima, Nachingwea na Ruangwa huingia katika msimu mwingine, nao ni msimu wa kuunda vikundi. Watu watano, kumi au ishirini hukaa chini, wakachanga fedha, wakanunua lori la mtumba, trekta, mashine ya kukoboa au mabomba ya kupulizia salfa. Siku ya kununua huwa ni siku ya furaha. Matatizo huanza baadaye, pale mali inapohitaji matairi, spea au mlinzi, na kila mwanachama anaamini kwamba alikwishamaliza kutoa mchango wake.

Somo la wiki hii linahusu jambo hilo, na tutalichukua mahali ambapo wasomaji wengi wa ukurasa huu hawajapafikiria, yaani kwa watu wanaomiliki farasi wa mashindano kwa kikundi. Tutaifuata siku moja ya kikundi cha aina hiyo katika Uwanja wa Mbio za Farasi wa Ngong, jijini Nairobi, kuanzia zizini alfajiri hadi kwenye hesabu za jioni. Kisha tutarudi kwenye malori na matrekta yetu.

Kwa nini farasi?

Ndugu msomaji wa Nachingwea unaweza kuuliza, farasi wananihusu nini? Kweli, farasi si mnyama wa kwetu. Mbung'o wa mapori ya kusini huleta nagana, na visubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua sehemu kubwa ya farasi wasiochanjwa. Nairobi, iliyo juu katika nyanda zenye baridi, ilikuwa na nafuu zaidi, na mbio za farasi zimekuwepo Kenya tangu mwanzo wa karne ya 20. Uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954, na shughuli zake husimamiwa na Jockey Club of Kenya. Hapo ndipo hukimbiwa shindano kubwa la nchi hiyo kwa farasi wa miaka mitatu, Kenya Derby.

Farasi anafaa kwa somo letu kwa sababu moja. Hakuna mali inayoonyesha gharama zake waziwazi kama yeye. Lori likisimama, mtu anaweza kujidanganya kwamba haligharimu kitu. Farasi akisimama, bado anakula mbele ya macho yako. Farasi wa mashindano huwa na uzito wa kilo 450 hadi 550, hula chakula cha kilo kama 10 kwa siku, na hunywa maji lita 25 hadi 45. Viatu vyake vya chuma hubadilishwa kila baada ya wiki nne hadi sita. Anahitaji saisi wa kumtunza, mkufunzi wa kumwandaa, na daktari wa mifugo.

Sasa tazama upande wa kazi. Tuseme farasi huyo anashiriki mashindano 8 kwa mwaka, na kila shindano linachukua dakika mbili. Kwa mwaka mzima amefanya kazi inayoweza kuleta zawadi kwa dakika 16 tu. Muda wote uliobaki, usiku na mchana, kwa siku 365, yuko katika daftari la matumizi.

Watu wa Ruangwa wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Tangu timu yao ya Namungo ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, kila mpenzi wa mpira anajua kwamba nyuma ya dakika 90 za uwanjani kuna kambi, chakula, safari na mishahara ya mwezi mzima. Farasi ni hivyo hivyo, na lori la kikundi ni hivyo hivyo.

Alfajiri: zizini

Siku ya wamiliki makini huanza mapema, kabla ya jua kukolea, kwa kuwa farasi hufanyishwa mazoezi wakati wa ubaridi. Mkufunzi ndiye mwenye kauli. Yeye huamua farasi yupi atembezwe tu, yupi akimbizwe mwendo wa kati, na yupi aachiwe kasi. Wamiliki wanaruhusiwa kutazama na kuuliza, lakini hawamwelekezi joki wala saisi.

Mmiliki aliyezoea hatazami kwanza kasi. Huenda kwenye hori kuangalia kama chakula cha usiku kimeisha. Farasi aliyeacha nusu ya chakula chake ametoa taarifa kwamba kuna jambo, hata kama manyoya yake yanang'aa. Baada ya hapo hutazama miguu. Saisi hupitisha kiganja taratibu kwenye mguu wa mbele, akitafuta joto au uvimbe, maana mshipa unaoanza kuumia hupata joto kabla farasi hajaanza kuchechemea. Akigundua mapema, farasi hupumzishwa wiki chache. Akichelewa, mwaka mzima umepotea, au farasi amekwisha kabisa.

Hapa pana somo la kwanza kwa kikundi chochote. Mtu wa chini kabisa katika kazi ndiye mwenye habari ya kwanza. Zizini ni saisi, na katika lori ni dereva na utingo wake. Wao ndio wanaojua kwamba giaboksi imeanza kulia, au kwamba breki zinashika upande mmoja. Kikundi ambacho mwenyekiti wake hukutana na dereva siku ya kukabidhiwa fedha tu, kimejinyima habari hiyo. Wapo pia wamiliki wa farasi wanaofika siku ya mashindano peke yake. Wao humwona farasi akiwa amepigwa brashi na kutandikwa vizuri, na kwa hakika hawajui wanamiliki nini.

Mambo matatu huulizwa zizini kila wiki: anakula? Miguu ikoje? Shindano lake lijalo ni lipi? Kwa lori au trekta maswali ni yale yale kwa maneno mengine: matumizi ya mafuta na oili yamebadilika? Kuna kinachoanza kuharibika? Kazi inayofuata ni ipi, na imethibitishwa na nani?

Mchana: uwanjani

Mashindano ya Ngong kwa desturi hufanyika Jumapili. Kabla ya kila shindano, joki hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake. Farasi huzungushwa katika kiwanja kidogo cha maonyesho, na wamiliki husimama katikati pamoja na mkufunzi. Hiyo ndiyo dakika ya fahari, ambapo hata mwenye hisa moja kati ya ishirini anasimama pale kama mwenye farasi mzima. Mkufunzi humpa joki maelekezo machache, farasi huelekea mahali pa kuanzia, na baada ya dakika mbili tatu mambo yamekwisha.

Wafanyabiashara wanapaswa kuangalia mambo matatu katika saa hizo za mchana.

La kwanza ni uzito. Katika mashindano mengi farasi hawabebi uzito sawa. Farasi aliyeonyesha uwezo huongezewa mzigo ili wengine wapate nafasi. Maana yake ni kwamba ushindi wenyewe huleta ugumu wa shindano linalofuata. Mmiliki mpya akishinda mara moja, huchukua zawadi ile akaizidisha mara 8 na kusema hayo ndiyo mapato ya mwaka. Mmiliki mzoefu anajua kwamba kilo zitaongezwa. Katika biashara yetu hakuna mtu wa kuongeza kilo, lakini soko hufanya kazi hiyo. Mwaka huu nauli ya kubeba magunia kutoka vijijini kwenda ghalani ikiwa nzuri, msimu ujao yatakuja malori mengine matano, na nauli itashuka. Hesabu ya kununua lori isifanywe kwa nauli ya mwaka mzuri kuliko yote.

La pili ni mgawanyo wa zawadi. Baada ya shindano joki hurudi kwenye mizani, waamuzi husikiliza malalamiko kama yapo, na ndipo matokeo huthibitishwa. Hata hapo, zawadi haiendi yote kwa wamiliki. Nchini Marekani, mathalani, desturi ni kwamba kiasi cha asilimia 10 ya zawadi ya mshindi huenda kwa mkufunzi na asilimia 10 kwa joki. Kwa mfano huo, zawadi ya 1,000,000 imebaki 800,000. Kikundi kikiwa na watu 20, kila mmoja ana 40,000, kabla ya kulipa bili ya chakula ya mwezi ule. Mtu aliyeko jukwaani amesikia milioni moja. Mwenye hisa lazima asikie arobaini elfu.

La tatu ni dirisha la kamari. Uwanja wa farasi una kamari, na mmiliki anayempenda farasi wake hushawishika kumwekea fedha. Anayefanya hivyo kwa fedha zake binafsi ni shauri lake. Hatari ni pale mweka hazina anapochukua fedha za chakula akisema atazirudisha jioni zikiwa mara tatu. Kwetu dirisha hilo lina jina jingine. Mfuko wa matairi una fedha, msimu unakaribia, na mjumbe mmoja wa kamati anashauri fedha zile zizungushwe kidogo kwenye kangomba, kununua korosho za wakulima wenye shida kabla ya mnada. Biashara hiyo iko nje ya utaratibu wa stakabadhi ghalani na inaweza kukamatwa. Lakini hata ingekuwa halali, fedha ya matunzo si fedha ya kubahatisha. Tairi haisubiri mnada.

Jioni: hesabu za vikundi vitatu

Watu wa farasi huhadithia ushindi. Sisi tutazame daftari. Ipo mifano mitatu iliyoandikwa sana duniani, na kila mmoja una fundisho lake.

Mfano wa kwanza ni wa Wales. Katika kijiji cha Cefn Fforest, eneo la migodi ya makaa iliyofungwa, mhudumu wa baa aitwaye Jan Vokes aliwakusanya majirani na wateja wa baa kumlea farasi aliyezaliwa mwaka 2001, Dream Alliance. Kikundi kilikuwa na watu 23, na kila mmoja alitoa pauni 10 kwa wiki. Piga hesabu: 10 mara 52 mara 23 ni pauni 11,960 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, kabla farasi hajashinda kitu, bili yake ilikwishakuwa na mwenyewe. Mwaka 2008 aliumia vibaya mshipa wa mguu. Wengi wangemuua au kumuuza. Kikundi kiliamua fedha alizokwishashinda zitumike kumtibu, na mwezi Desemba 2009 farasi huyo akashinda Welsh National, shindano kubwa la kuruka viunzi. Katika maisha yake yote alipata zawadi za pauni 138,646. Hesabu zilipofungwa, faida ya kila mwanachama ilikuwa kama pauni 1,430.

Soma tena tarakimu hizo mbili za mwisho. Farasi maarufu aliyetengenezewa hata filamu, mwenye zawadi za zaidi ya pauni 138,000, aliwaachia wamiliki wake pauni 1,430 kila mmoja kwa kazi ya miaka mingi. Na hicho ni kikundi kilichofaulu.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mwaka 1995 marafiki sita waliosoma pamoja katika mji mdogo wa Sackets Harbor, jimbo la New York, walichanga dola 5,000 kila mmoja. Baadaye kikundi chao, Sackatoga Stable, kilimnunua farasi Funny Cide kwa dola 75,000. Mwaka 2003 alishinda Kentucky Derby. Huyu alikuwa amehasiwa, hivyo hakuwa na mapato ya uzazi baada ya kustaafu. Wamiliki wake walijua tangu mwanzo kwamba mali yao ingerudisha fedha kwa kukimbia tu, na kwamba mwisho wa safari isingekuwa na bei kubwa. Alipata zaidi ya dola milioni 3.5, lakini fundisho letu liko kwenye lile la kujua mapema. Lori la mtumba nalo ni mali isiyozaa. Kila mwaka unaopita bei yake inashuka, na lazima liwe limejilipa kabla halijawa chuma chakavu.

Mfano wa tatu ni wa matajiri. Mwezi Februari 2006, huko Florida, washirika wenye uzoefu mkubwa walimnunua farasi wa miaka miwili aitwaye The Green Monkey kwa dola milioni 16, bei ambayo haikuwahi kulipwa mnadani kwa farasi wa umri ule. Aliingia mashindanoni mara tatu, hakushinda hata mara moja, na jumla ya zawadi zake ilikuwa dola 10,440. Bei kubwa ya kununulia haikuwa dhamana ya kitu chochote.

Nachingwea nayo ina mfano

Hatuna haja ya kwenda Florida kutafuta hasara. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga katika Tanganyika, ukiwa na maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yalinunuliwa matrekta ya mitumba yaliyobaki vitani, na sehemu kubwa yalisimama ndani ya mwaka wa kwanza kwa kukosa spea na mafundi, na kwa ugumu wa visiki na udongo. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kuleta karanga pwani. Karanga zilizotarajiwa hazikupatikana. Mwezi Januari 1951 mpango ulitangazwa kuachwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Reli iliendelea ikiwa na mzigo mdogo hadi ilipofungwa mapema miaka ya 1960 na vyuma vyake kung'olewa.

Tofauti kati ya mpango ule na lori la kikundi ni ukubwa tu. Walihesabu bei ya kununua na mavuno ya mwaka mzuri. Gharama ya mali iliyosimama hawakuipa uzito wake.

Tuhesabu lori

Tuchukue mfano wa kubuni, ili kila kikundi kibadilishe tarakimu kulingana na hali yake. Watu 20 wanachanga shilingi 2,000,000 kila mmoja na kununua lori la shilingi 40,000,000.

Gharama za kila mwezi, lori litembee au lisitembee, ni hizi:

Posho ya kudumu ya dereva: 300,000
Maegesho na mlinzi: 150,000
Akiba ya bima, leseni na ukaguzi: 200,000
Akiba ya matairi na matengenezo: 350,000
Jumla kwa mwezi: 1,000,000
Jumla kwa mwaka: 12,000,000

Hiyo ndiyo nyasi ya farasi wetu. Kila mwanachama anadaiwa 600,000 kwa mwaka, ajue au asijue.

Sasa mapato. Lori lina kazi ya korosho kwa miezi minne, na baada ya kutoa mafuta na posho za safari linabakiza 3,500,000 kwa mwezi. Jumla ni 14,000,000. Toa 12,000,000, zinabaki 2,000,000, sawa na 100,000 kwa kila mtu. Hiyo ni asilimia 5 ya mtaji wake. Wengi wangegawana na kushangilia.

Lakini lori nalo limechakaa. Likipungua thamani kwa 4,000,000 kwa mwaka, kikundi hakikupata faida ya milioni 2. Kimepata hasara ya milioni 2, na gawio lililotolewa lilikuwa kipande cha lori lenyewe. Na injini ikisimama mwezi mmoja wa msimu, mapato yatakuwa 10,500,000. Hapo hata gharama za kudumu hazitoshi: zinapungua 1,500,000, na kila mwanachama lazima aongeze 75,000 kutoka mfukoni.

Dawa iko wapi? Ni kuongeza siku za kazi. Ufuta huvunwa kuanzia Mei, mbaazi hufuata, na kati ya misimu kuna saruji, mabati na mchanga wa kujengea. Lori likipata kazi ya miezi 7 badala ya 4, mapato ni 24,500,000. Toa gharama 12,000,000, na kwa kuwa limetembea zaidi, uchakavu tuuweke 6,000,000. Zinabaki 6,500,000, yaani 325,000 kwa kila mtu, sawa na asilimia 16.25 ya mtaji. Lori ni lile lile na bei ya kununulia ni ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya miezi ya kazi, na hiyo ilipaswa kutafutwa kabla ya kununua.

Masharti sita ya kuandika kabla ya kununua

Vikundi vya farasi vinavyodumu huandika makubaliano yao kabla farasi hajaingia zizini. Yafuatayo tumeyapanga kwa matumizi ya vikundi vyetu.

1. Mchango wa matunzo. Pamoja na bei ya hisa, iandikwe kila mwanachama atatoa kiasi gani kila mwezi, kama wale wa Wales walivyotoa pauni 10 kila wiki. Asiyeweza mchango wa mwezi asinunue hisa, hata kama bei ya hisa anaimudu.

2. Akiba ya miezi sita. Mali ya shilingi 40,000,000 isinunuliwe na kikundi chenye shilingi 40,000,000. Kwa mfano wetu wa lori, kikundi kiwe na 46,000,000, au kinunue lori la bei ya chini zaidi.

3. Msemaji mmoja. Mkufunzi hapokei maelekezo kutoka kwa wamiliki 20. Kikundi kimchague mtu mmoja wa kumwelekeza dereva, na wengine wapitishe mawazo yao kwenye kikao.

4. Asiyelipa. Iandikwe mapema hisa ya mwanachama aliyeshindwa kuchangia miezi mitatu itafanywaje, itapimwa kwa bei gani, na nani ana haki ya kwanza ya kuinunua. Jambo hili likijadiliwa baada ya kutokea, linakuwa ugomvi wa watu na siyo wa fedha.

5. Siku ya kuuza. Mali isiyozaa lazima iwe na mwisho wake. Kikundi kikubaliane: baada ya miaka mitatu, au matengenezo ya mwaka yakipita kiasi fulani, lori linauzwa. Watu wa farasi hujua ugumu wa sharti hili, kwa sababu mnyama hupendwa. Lori nalo hupendwa, hasa likiandikwa jina la kikundi kwenye paji.

6. Daftari. Risiti zote ziingizwe, na kila mwezi hesabu isomwe mbele ya wanachama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mhasibu wa kikundi asiwe ndiye mwenye kununua spea.

Zoezi la kikundi

Kwa wasomaji wanaotumia ukurasa huu katika vikao vyao, jibuni maswali haya kwa maandishi, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe majibu:

(a) Mali tunayotaka kununua itafanya kazi siku ngapi kwa mwaka? Tajeni kazi yenyewe, mwenye mzigo, na mwezi.

(b) Itagharimu kiasi gani kwa siku ambayo imesimama?

(c) Ikivunjika siku ya tatu ya msimu, fedha ya kuitengeneza iko wapi, na nani ana mamlaka ya kuitoa?

(d) Mwanachama mmoja akifariki au akihama, familia yake itapewa nini na lini?

(e) Tutaiuza mwaka gani, na tunategemea itakuwa na bei gani siku hiyo?

Majibu yakitofautiana sana katika swali la (b), kikundi hicho bado hakijui kinachotaka kununua. Kiahirishe ununuzi kwa mwezi mmoja. Mjumbe mmoja atumwe gereji kuuliza bei za matairi na spea, mwingine aende kwa mwenye lori wa siku nyingi, na wa tatu aende kwa wanunuzi na maghala kuulizia mizigo ya nje ya msimu. Ripoti za watu hao watatu zisomwe kikaoni kabla mweka hazina hajaruhusiwa kutoa shilingi yoyote benki.